Maji ya Baraka Katika Mkoba wa Ciakuthii

Huko juu kwenye mashamba ya majani chai, Embu, kina mama wa jumuiya walimpa Ciakuthii jina la Ambulensi, na walimwita hivyo mbele yake bila kumwogopa. Hakukasirika. Kusema kweli alilipenda. Ukimkuta njiani akienda kuchuma chai, sokoni akibonyeza nyanya, au kwenye mazishi ya mtu ambaye hata hakumjua vizuri, mkoba wake wa kahawia ulikuwa begani, na ndani yake mlikuwa na vitu ambavyo watu wengine huviacha kanisani au huvitundika ukutani. Rozari ya mbao. Msalaba mdogo wa shaba. Kipande cha mshumaa uliobarikiwa, chumvi ya baraka kwenye kijikaratasi cha nailoni, medali ya Bikira Maria, na chupa iliyowahi kuwa ya dawa ya kikohozi, sasa imejaa maji ya baraka. Chupa hiyo aliijaza kila Jumapili baada ya misa, hata kama haikuwa imepungua.

Usimcheke. Miaka mingi nyuma mumewe, Munyi, alianguka kutoka kwenye mti akikata matawi ya kuni. Ciakuthii alimkuta chini, akampakata kichwa katikati ya migomba, na Munyi akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chai, "Niombee." Mama wa watu akafungua mdomo, hata Baba Yetu ikamtoka kichwani. Padre alikuwa mbali. Hakuwa na msalaba wa kumshikisha, hakuwa na chochote. Munyi alikata roho akimtazama, na yeye mikono mitupu, ina udongo tu. Siku ile alijiapia kwamba hakuna mtu mwingine atakayefia mbele yake namna hiyo.

Baada ya matanga alimfuata katekista Njura na kumsumbua kwa maswali mpaka mzee wa watu akachoka. Njura akamfundisha kwamba mtu akiwa katika hatari ya kufa, na padre hayupo, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza. Maji, maneno, na nia njema, basi. Ciakuthii aliyashika maneno hayo kuliko mengine yote aliyofundishwa maishani. Ikawa mgonjwa akizidiwa, usiku au mchana, ni yeye anayeitwa. Kuna mzee mmoja alimwona akiingia na mkoba, akaketi kitandani akaomba uji, akasema, "Mwambieni huyu mama mimi bado." Na kweli alikuwa bado, yuko hai hata leo, anauza makadamia.

Sasa, Muchangi, mwanawe wa pekee, alipata kazi ya stoo katika chuo huko Nchiru, upande wa Meru, na huko ndiko alikompata Kananu. Msichana wa Kangeta, mrefu, mwenye kusema analofikiria na kunyamaza akimaliza. Ciakuthii alimpenda tangu siku ya kwanza kwa sababu aliingia jikoni bila kuonyeshwa mlango. Kimeru cha Igembe na Kiembu havikutaka kukutana vizuri, kwa hiyo mama mkwe na mkaza mwana walizungumza Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa namna yake, na walielewana.

Kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa kikimkwama Ciakuthii kooni. Kananu alikuwa mtu wa wokovu, wa yale makanisa yanayobatiza watu wazima, wanatumbukizwa mtoni mzima mzima, na watoto wanaombewa tu na kuwekwa wakfu. Na Muchangi, aliyekuwa mtumishi wa altare utotoni, akamfuata mkewe huko bila hata kugeuka nyuma. Ciakuthii alilia kidogo, akajikaza kisabuni, akaendelea na rozari yake.

Kananu alipokuwa mjamzito alikuja kijijini peke yake. Akamwambia, "Mama, nataka tuongee kabla mtoto hajakuja. Huyu mtoto hatabatizwa mpaka akue achague mwenyewe. Najua itakuuma. Ndio maana nimekuja kukuambia mimi, si Muchangi."

Ciakuthii aliendelea kuchambua maharagwe kwa muda. Kisha akasema, "Nimekubali." Tena akamshika mkono. Hakuna aliyemlazimisha.

Akazaliwa msichana. Na kwa kuwa kwetu binti wa kwanza huitwa jina la mama wa baba, wakamwita Carol Ciakuthii. Muchangi alipomwita mtoto "mama," wote wawili, mkubwa na mdogo, waligeuka, na nyumba nzima ikacheka. Likizo ya uzazi ilipoisha, nani alee mtoto? Muchangi yuko Nchiru, anarudi wikendi. Kananu anafanya kazi katika ofisi ya mawakili mjini Embu. Basi Ciakuthii akamkodishia jirani chai yake, akafunga nyumba, akahamia kwao mtaa wa Majimbo, hapo mjini, na mkoba wake.

Ile ndiyo ilikuwa miezi mitamu kuliko yote. Mtu ambaye tangu mumewe afe alikuwa akiamka peke yake, sasa anaamshwa na kiumbe kinachomvuta skafu na kumtemea mate usoni. Alimbeba mgongoni akitandika, akipika, akinunua mboga getini. Alimwimbia za kanisani, na Kananu hakumkataza. Jioni walikaa watatu wakila, Kananu akisimulia vituko vya ofisini, na mara nyingine mama mkwe alicheka mpaka akajifuta machozi. Kama ungemuuliza Ciakuthii siku zile anaogopa nini duniani, angekuambia anaogopa jambo moja tu, kutenganishwa na yule wajina wake.

Asubuhi moja Kananu alikuwa akivaa viatu mlangoni. "Ana joto kidogo. Nimempa dawa. Akizidi nipigie, Mama, hata kama ni kidogo. Ni boda tu, nafika."

"Sawa. Enda kazi, usijali."

Mtoto alilala, akaamka, akakataa uji. Ciakuthii akamlaza kwenye kochi akaenda kulowesha kitambaa. Aliporudi alikuta macho yamepinduka, meno yamekazana, mikono na miguu inatetemeka, mdomo unageuka rangi. Degedege. Alishaiona kwa watoto wa wengine, na mmoja wao hakuamka.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana ndipo penyewe. Mkoba ulikuwa mezani. Aliufungua. Kitu cha juu kabisa kilikuwa simu. Akaitoa, akaiweka kando kwenye kochi, karibu na miguu ya mtoto, ili afikie chupa. Alikuwa na simu mkononi. Ilikuwa na chaji, ilikuwa na kredo, jina la Kananu lilikuwa la kwanza kwa sababu walikuwa wameongea jana yake. Akaiweka kando, akatoa chupa ya maji ya baraka, na vidole havikutetemeka hata kidogo. Alikuwa amejiandaa kwa saa hiyo tangu siku ya migomba. Akamwaga maji kwenye paji la uso la mtoto mara tatu, akatamka kila neno sawasawa, jina la Bikira akaliongeza mbele, "Maria Carol Ciakuthii, ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Na alipomaliza, degedege ikaacha. Mtoto akalegea, akavuta pumzi ndefu, akalia.

Nani angemwambia wakati huo kwamba si maji yaliyoifukuza? Ciakuthii alipiga magoti sakafuni akalia kwa furaha. Hatimaye alikuwa amefika kwa wakati. Alimpangusa mtoto, akampa dawa ya homa ilipofika saa yake, joto likashuka, na adhuhuri wajina wake alikuwa anacheza na kifuniko cha sufuria kana kwamba hakuna lililotokea.

Kananu alipiga simu mchana. "Anaendeleaje?"

"Ako sawa. Amelala."

Kwanza hakutaka kumshtua akiwa kazini. Jioni ikafika, Kananu akaingia amechoka, akambeba mtoto, mtoto akacheka, na Ciakuthii akaona atasema baada ya chakula. Baada ya chakula akaona atasema kesho. Maana ukisema degedege, utaulizwa ulifanya nini. Na yeye alikuwa amesema nimekubali. Alijua Kananu si mtu wa kelele. Angemsikiliza mpaka mwisho, kisha angemwambia kwa upole afungashe virago. Basi akafunga mdomo. Alijiambia anamkinga Kananu na huzuni, analinda amani ya nyumba, na mengine mazuri mazuri, lakini moyoni alijua ni nini anachokilinda. Hakutaka kunyang'anywa mtoto.

Homa ile ikawa inakuja na kwenda. Kananu akampeleka kliniki, wakasema meno, wakampa dawa. Ciakuthii alikuwa amekaa palepale kwenye benchi, na hakusema neno. Kila usiku alisali, akimwomba Mungu alimalize jambo hilo kimyakimya.

Halikumalizika hivyo. Jioni moja Kananu ndio kwanza ameingia kutoka kazini, hajavua hata sweta, amempakata mtoto anamnyonyesha, na mtoto akakakamaa palepale kifuani. Kananu hakupiga kelele. Alitoka nje na mtoto mikononi, titi moja wazi, akasimamisha boda, na Ciakuthii akapanda nyuma yake na mkoba. Walipofika hospitali degedege ilikuwa imeacha, mtoto amelegea kama nguo mbichi.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu. Alimpima mtoto, akamwangalia masikio na koo, akauliza, "Hii ni mara ya kwanza kushikwa?"

"Ya kwanza," Kananu akasema. "Hajawahi kabisa."

"Una uhakika?"

"Daktari, mimi ndiye mamake. Ningejua."

Daktari akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akaeleza kwamba watoto wengi wa umri ule homa ikipanda hushikwa hivyo mara moja na isirudi tena, na mara nyingi si jambo kubwa. Watamshusha joto, watampa dawa, watamwangalia kidogo, kisha warudi nyumbani. Akachukua kalamu aandike.

Ciakuthii alikuwa kwenye kiti kando ya mlango, mkoba mapajani. Angenyamaza, mambo yangekwisha. Wangerudi Majimbo watatu, angemlaza wajina wake, siri angebaki nayo peke yake. Alitamani hivyo, tusimfiche, alitamani kwa moyo wote. Alimtazama mtoto pale kitandani, miguu imelala ovyo, soksi moja imepotea njiani.

"Daktari," akasema, "hii ni ya pili."

Kananu aligeuka polepole.

Daktari akaweka kalamu chini, akamgeukia bibi wa mtoto. "Ya kwanza ilikuwa lini, cucu?"

"Kama wiki mbili zimepita. Asubuhi. Tukiwa sisi wawili."

"Ilidumu muda gani?"

Na maskini, hakujua jibu lingine. Hakuwa ametazama saa. "Ni ule muda wa kufungua chupa na kumbatiza," akasema. "Nilipomaliza, ilikuwa imeacha."

Daktari, kwa heshima yake, hakuuliza chupa gani. Aliuliza kama mtoto alitapika, kama alitetemeka upande mmoja au pande zote, kama homa imekuwa ikirudi tangu siku ile. Ciakuthii alijibu yote akiangalia sakafu. Daktari akasema basi hawawezi kumruhusu aende, wampime damu na mkojo, alazwe. Walipompima walikuta maambukizi kwenye mkojo, yameanza kupanda juu. Ya kutibika, daktari akasema. Yangetibiwa mapema zaidi kama mtu angejua.

Walimtundikia dawa. Mtoto akalala. Nje ya wodi palikuwa na benchi, wakakaa hapo, kila mmoja na upande wake, wauguzi wakipita. Ciakuthii alingoja kelele, angezishukuru. Kananu akauliza tu, "Nilikuambia unipigie. Simu ilikuwa wapi?"

Hapo angeweza kusema haikuwa na chaji. Au alichanganyikiwa. Lakini alikuwa amechoka kuficha. "Ilikuwa kwa mkoba," akasema. "Ilikuwa juu. Niliitoa nikaiweka kando, ndio nifikie maji."

Kananu aliutazama ule mkoba mapajani mwa mama mkwe.

"Maji sijali," akasema mwishowe. "Kweli uliniahidi, na ukavunja, lakini maji hayajamdhuru, na Mungu anajua kazi yake. Hilo nitasahau. Mama, wewe ulimwona mtoto wangu anakufa. Ukajua anakufa. Na ukaona mimi si mtu wa kuitwa."

Ciakuthii akafungua mdomo. Kama siku ile ya Munyi, hakuna neno lililotoka.

"Halafu umeniacha niseme mbele ya daktari ati ningejua," Kananu akaongeza. Akasimama, akaingia wodini kwa mtoto.

Muchangi alifika kesho yake kutoka Nchiru. Alimsikiliza mkewe, akamsikiliza mamake, akashika tama. Hakumgombeza. Alisema, "Mama, hata mimi ungenipigia," na akaenda kununua maji ya kunywa. Mtoto alipotolewa hospitali, Karambu, mama wa Kananu, alikuwa ameshafika kutoka Kangeta na mzigo wa nguo za kukaa. Hakuna aliyemwambia Ciakuthii aondoke. Alifungasha mwenyewe, na hakuna aliyemwambia abaki.

Kijijini alimweleza padre kila kitu. Padre akamwambia ubatizo ni halali, mtoto alikuwa hatarini, hilo asiwe na shaka nalo. Ciakuthii akasubiri kufurahi. Alikuwa amefanya kile alichokosa kumfanyia Munyi, tena kikakubalika, na bado kifuani palikuwa pazito. "Padre," akasema, "mimi nilikuwa tayari sana. Lakini nilikuwa tayari kwa mtoto kufa. Sikufikiria kitu kingine." Padre akamwambia aende akaombe msamaha kwa mwenye mtoto, si kwake.

Akaenda. Alishuka Majimbo siku ya Jumamosi na ndizi na maziwa ya ng'ombe wa jirani, akamwomba Kananu msamaha mbele ya Karambu na Muchangi, bila kujitetea. Kananu akamkumbatia. Alilia pia. "Nimekusamehe, Mama, kabisa. Usibebe hiyo kitu tena." Na alimaanisha. Watu wa wokovu wakisamehe wanasamehe kweli, huyu hakuwa mnafiki hata siku moja. Tangu hapo alimpigia simu kila wiki, akamtumia picha za mtoto, akamwalika kila sikukuu. Majirani kule juu walimwambia Ciakuthii ana bahati, wakaza mwana wa siku hizi hawako hivyo.

Mwezi uliopita alialikwa tena. Karambu alikuwa amerudi Kangeta kwa mazishi, Muchangi alikuwa kazini, nyumbani ni Kananu na mtoto tu. Mtoto anatembea sasa, anakimbia hasa, ana maneno yake mengi. Alimwangalia nyanya yake akiwa amejificha nyuma ya mguu wa mamake, kisha akamzoea, akamletea kiatu, akamletea sahani, akamletea kila kitu kilichokuwa sakafuni. Walikula wakacheka kama zamani. Adhuhuri mtoto akasinzia mikononi mwa Ciakuthii, na Ciakuthii akakaa bila kusogea mpaka mkono ukafa ganzi. Kananu akamchukua taratibu, akamlaza chumbani, akamfunika.

Akaja jikoni, akafungua friji. "Maziwa yameisha. Wacha nikimbie hapo kwa kioski nikupikie chai."

Kioski kiko getini. Ukisimama mlangoni unaliona dirisha lake, unaweza hata kuita wakakusikia.

"Enda," Ciakuthii akasema. "Mimi niko."

Kananu alisimama na pesa mkononi, akautazama mlango wa chumbani. Kisha akaingia ndani. Ciakuthii alisikia kitanda kikilia, mtoto akinung'unika usingizini, mamake akimbembeleza kwa Kimeru. Wakatoka wote wawili, mtoto mgongoni, kichwa kimeangukia upande, na Kananu akikaza fundo la leso kifuani.

"Maziwa tu, Mama," akasema bila kumtazama usoni. "Narudi sasa hivi."

Ciakuthii akajibu sawa.